Kila Jiko na Daftari Lake

Wasee, wacha niseme ukweli: wiki mbili nzima nimekuwa nikilaumu laptopu yangu, kumbe shida ni mimi.

Nilikuwa naandika moduli ndogo ya kaneli ya Linux, inayohesabu ni mara ngapi programu zimesoma kifaa changu cha majaribio. Hiyo ndiyo kazi niliyotaka kuonyesha kwenye intavyu ya atachimenti. Nikisoma mara milioni moja, hesabu inakuja pungufu. Nikirudia, pungufu tena, na si kwa kiasi kile kile.

Na nilidhani nimejipanga! Prosesa zote zikigombania namba moja zinacheleweshana, kwa hivyo kaneli hukuruhusu uipe kila prosesa namba yake, halafu unajumlisha mwishoni. Fikiria kibanda cha chapati chenye majiko manne, kila jiko na daftari lake. Poa, si ndiyo?

Shida iko kwa hatua. Msimbo wangu ulikuwa unauliza "niko jiko gani?", unasoma daftari, "kumi", unaongeza moja, ndio unaandika. Sasa hapo katikati kaneli inaweza kukutoa jiko la kwanza ikupeleke la tatu. Mwingine anachukua nafasi yako, anaandika 11. Wewe bado una ile kumi kichwani, na mkono wako bado uko kwa daftari la jiko la kwanza. Unaandika 11 juu ya 11 yake. Chapati mbili zimepikwa, moja imehesabiwa.

Njia ya zamani ni kuiambia kaneli "usinihamishe kwanza", uhesabu, halafu uiachilie. Hatua tatu, na ukisahau ya mwisho, umejichomea. Mwaka 2009 Christoph Lameter alileta njia rahisi zaidi, kama this_cpu_inc: mstari mmoja tu. Kwa prosesa za x86 hiyo ni amri moja. Kuna rejista ambayo tayari inaelekeza kwa eneo la prosesa uliyopo, kwa hivyo kutafuta jiko, kusoma na kuandika kunaisha kwa mpigo mmoja. Hakuna katikati ya kukuhamishia. Na kama prosesa haina amri hiyo, kaneli inafunga mlango kwa niaba yako.

Nilibadilisha ule mstari saa nane usiku. Milioni moja, kamili. Manze, nilicheka peke yangu.

Kwa intavyu waliniuliza kwa nini mstari mmoja. Nikawapigia stori ya chapati. Jibu bado nangoja, lakini sahii najua: kurahisisha si uvivu, ni kuziba ile nafasi ya kukosea.