Dogo Hakukojoa! Maji Chini ya Godoro Yalitoka Wapi?

Naona siku hizi picha za karavani zimekuwa fasheni. Taa za njano, mto mweupe dirishani, kikombe cha kahawa, maneno mawili ya "maisha ndiyo haya", basi watu elfu tatu wanapenda. Sina ubaya na picha. Ila mimi nikiona karavani naangalia godoro, na leo nawaambia kwa nini.

Kuna kaka mmoja, jina nabaki nalo na msianze kubahatisha kule chini. Enzi zake alitamba kwenye Bongo Fleva, nyimbo mbili tatu zilipigwa mpaka daladala za Mbagala, halafu akaoa, akahamia Uingereza, akapotea. Watu wakasema kafulia, wengine wakasema kaokoka. Ukweli ni kwamba alikuwa anapiga kazi ghala la mizigo huko kusini kama watu wengine. Mwaka juzi mwenye nyumba wao alitaka nyumba yake, ile waliyoahidiwa ikachelewa, wakaona bora wanunue karavani ya mtumba, ile trela ya kuvutwa na gari, waishi humo kwa muda. Baba, mama na mtoto wa kiume wa miaka 7. Kuanzia Oktoba, na baridi ndiyo inaingia hiyo.

Mimi nilienda kuwatembelea Januari. Nafika asubuhi, kitu cha kwanza ninachoona ni kagodoro kamesimamishwa nje kameegemea trela, kanapigwa na kajua kasiko na nguvu yoyote. Mbongo yeyote akiona godoro nje asubuhi anajua maana yake. Shem akaniwahi, "Usishangae shem, huyu mwanao amerudia utoto. Kila siku analowesha."

Dogo alikuwa pembeni. Akanisalimia, "Shikamoo anko," bila kunitazama. Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza shule vipi, akanijibu kitu kingine kabisa: "Sitarudia anko."

Aisee. Hilo neno lilinikaa.

Baadaye nikapewa kesi nzima. Dogo haruhusiwi kunywa kitu chochote kuanzia saa kumi na moja jioni. Anaamshwa usiku mara mbili aende chooni. Asubuhi anasaidia kubeba godoro lake nje, majirani wa pale kwenye kiwanja cha karavani wanapita na mbwa wao wanaona. Baba mtu anasema hata yeye alilelewa hivyo na akapona. (Kukojoa kitandani kwa mtoto wa umri ule ni kitu cha kawaida tu kwa watoto wengi, na sijawahi kuona aliyetibiwa kwa kuaibishwa. Ila hiyo tuiache.)

Kitu kilichonitatiza ni maelezo ya shem mwenyewe. Anasema shuka huwa kavu. Juu ya godoro pakavu. Maji yapo chini, upande unaogusa mbao, na harufu yake siyo ya mkojo, ni ya kabati la zamani. Nikamuuliza, sasa mkojo umepitaje juu bila kulowesha shuka? Akacheka, akasema hata yeye amejiuliza ila mumewe hataki kusikia.

Usiku ule nikapewa kitanda cha dogo, yeye akalala na wazazi wake upande wa pili. Asubuhi nikaamka mkavu, shuka kavu, nikanyanyua godoro. Wadau, plaiwudi ilikuwa inang'aa kwa maji. Chini ya godoro pamelowa tepetepe na pembeni kuna vidoa vyeusi vya ukungu. Nikamwita braza. Nikamwambia, mzee, mimi nina ndevu na nina leseni ya udereva, unataka kuniambia na mimi nimekojoa?

Alikaa kimya kama dakika nzima.

Sasa tuelewane hapa, maana kuna watu wanalala hivi hivi na hawajui. Ukitoa soda kwenye friji Dar mchana wa Februari ukaiweka mezani, chupa inatoka jasho. Chupa haijatoboka. Ni mvuke uliopo hewani umegusa kitu cha baridi ukageuka maji. Hewa yenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, ikigusa kitu chenye nyuzi 12 au chini ya hapo inaanza kuachia maji. Januari ya Uingereza, ile plaiwudi ya chini ya godoro nyuzi 12 inazisikia kwenye redio tu.

Mvuke unatoka wapi? Kwenu wenyewe. Mtu akilala anatoa maji kwa pumzi na ngozi, kama gramu 40 kwa saa. Masaa 8 ya usingizi ni karibu theluthi ya lita kwa kichwa kimoja. Watu watatu, karibu lita nzima, ndani ya kaboksi ambako ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Sehemu ya ule mvuke inapita katikati ya sponji kwenda chini. Na sponji ni kama blanketi, inazuia joto la mwili wako lisifike kwenye mbao. Kwa hiyo juu wewe una joto lako safi, chini mbao inabaki ya baridi, mvuke unafika pale hauna pa kutokea. Unakuwa maji. Ndiyo maana juu pakavu, chini pamelowa.

Na kwa nini kitanda cha dogo tu? Hapa ndipo nilipoumia. Kitanda cha wazazi kilikuwa na chaga, zile mbao nyembamba zenye nafasi katikati, hewa inapita chini. Kitanda cha mtoto kilikuwa plaiwudi nzima, chini yake kasha limefungwa na limejazwa mabegi, ubavuni ukuta wa nje, godoro limeshindiliwa kabisa mpaka kwenye ukuta. Yaani mtoto alipewa sehemu mbaya kuliko zote halafu akalaumiwa kwa ubaya wake.

Kilichozidisha mambo ni hita. Walikuwa na ile hita ya gesi ya kusukuma, isiyo na bomba la kutoa moshi nje. Watu wengi hawajui kwamba gesi ikiungua inazaa maji. Kilo 1 ya propani inatoa kama kilo 1.6 za maji, maana yake lita moja na nusu na zaidi, yote humo ndani. Wanawasha ili wakauke, kumbe wanajinyunyizia. Juu ya hapo braza alikuwa ameziba matundu ya hewa ya sakafuni kwa selotepu ili baridi isiingie. Hapo sikucheka. Yale matundu yamewekwa makusudi. Hita ya namna ile kwenye chumba kilichozibwa inaweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu wanalala nayo hawaamki. Tukabandua selotepu ile ile asubuhi, kabla hata ya chai.

Shem aliyenyamaza muda wote ndipo akasema dogo amekuwa anakohoa tangu Novemba.

Msichukulie ukungu kama uchafu wa kufuta na kitambaa tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, likiuhusisha na pumu na matatizo ya kupumua. Na Uingereza hiyo hiyo, mjini Rochdale, Desemba 2020 alifariki mtoto wa miaka 2 aitwaye Awaab Ishak. Novemba 2022 uchunguzi wa kifo chake ukaeleza kwamba ukungu wa kwenye nyumba waliyopanga ndio uliomuharibia njia ya hewa. Baba yake alianza kulalamika tangu 2017 na akaambiwa apake rangi juu yake. Leo kuna sheria yenye jina la huyo mtoto inayobana wenye nyumba za jamii. Karavani uliyojinunulia haimo kwenye sheria hiyo, ni juu yako.

Basi tukaingia kazini. Jirani mmoja, mzee wa Kiingereza ambaye ameishi kwenye karavani miaka mingi, ndiye aliyekuwa akipita na mbwa. Kumbe siku zote aliona godoro nje na alijua tatizo ni nini, ila Waingereza hawaingilii mambo ya watu. Tulipomuuliza akatuonyesha la kwake. Chini ya godoro ana kitu kama wavu mgumu wa plastiki uliosokotwa, mnene kama kidole, unaacha nafasi ya hewa kati ya godoro na mbao. Haunywi maji, haulali ukigandamizwa. Unauzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya boti na karavani, na ulikuwa nafuu kuliko godoro jipya.

Sisi tukafanya vyote. Braza akaazima drili akatoboa plaiwudi matundu mengi, tukatoa mabegi kwenye kasha la chini, tukakausha mbao siku mbili, tukaosha ukungu, tukaweka wavu, na godoro tukalisogeza kutoka ukutani kama upana wa vidole vinne. Godoro lenyewe lilikuwa limeshaingiwa na ukungu mpaka ndani, likatupwa. Usilionee huruma godoro la namna hiyo.

Shem yeye alikuwa ametandika nailoni chini ya godoro akidhani anazuia. Nailoni haizuii kitu, maji yanatuama juu yake na godoro linayanywa. Vile visanduku vya chumvi ya kunyonya unyevu navyo walikuwa navyo viwili. Vinafaa kabatini. Kwa watu watatu wanaopumua usiku kucha ni kama kukausha Kariakoo na tambara wakati wa masika.

Kinachosaidia kweli ni hewa, na hapo ndipo ubishi ulipo, maana nani anataka kufungua dirisha Januari? Lakini kile kidirisha cha juu kwenye paa kikiachwa wazi kidogo tu usiku, mvuke unatoka. Sufuria ifunikwe, nguo zisianikwe ndani, asubuhi godoro linyanyuliwe lisimame humo humo ndani lipigwe na hewa. Hita ya gesi wakaiweka kando wakanunua ya umeme, maana kiwanjani pana umeme. Bili ilipanda, sitadanganya. Braza alilalamika, shem akamwambia ailipie na ile heshima ya mtoto.

Nilikaa siku tano zaidi. Asubuhi ya nne tulinyanyua godoro jipya, dogo mwenyewe ndiye aliyepitisha mkono chini. Pakavu. Akapitisha tena. Akamuangalia baba yake, baba akaangalia simu.

Mpaka leo sidhani kama jamaa ametamka neno samahani. Wababa wetu mnawajua. Ila juzi nimepiga simu ya video saa tatu ya usiku wa kwao, nikamuona dogo kashika kikombe cha maziwa kikubwa kuliko uso wake, na aliyemchemshia alikuwa ni baba. Nyumba wamepata, karavani wameiuza, na mnunuzi wamemuachia wavu wake.

Na ninyi wa magetoni msijione mko salama. Godoro juu ya sementi au vigae, Iringa, Njombe, Arusha ya Juni, au Dar wakati wa masika na madirisha yamefungwa sababu ya mbu, hesabu ni ile ile. Kesho asubuhi kabla hujatandika, nyanyua pembe moja upitishe mkono. Kama hela ya kitanda bado, omba palleti za mbao kwa watu wa magodauni, zipange chini, godoro juu, tayari una chaga. Utakachokikuta huko chini niandikieni kwenye komenti. Na anayeniuliza jina la msanii, sijibu.