Sitara ya Uwani

Ukitajwa uhifadhi wa Mji wa Kale wa Mombasa, watu hukimbilia Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2011. Wengine hutaja milango ya nakshi. Mimi, mzaliwa wa Kibokoni, nina neno juu ya madirisha.

Ubavuni mwa nyumba yetu limesimama jengo la orofa sita, na madirisha yake yote ya upande huo yanachungulia uwani kwetu. Wanawake wenzangu mwafahamu uwani ni nini. Ndiko tunakokuna nazi, tukasukana nywele, tukaketi vichwa wazi na wanetu jioni. Sasa hata kuanua nguo sharti nijitande. Wazee waliojenga zamani walilizingatia hili: roshani za mbao zenye matundu zilimwezesha mwanamke kuitazama njia pasi na yeye kutazamwa.

Hata hivyo siwalaumu wanaouza. Nyumba ya matumbawe na boriti ina gharama zake. Mafundi wengi siku hizi huitengeneza kwa saruji, nayo hufungia unyevu ndani ya ukuta; baada ya masika kadhaa plasta hubambuka na jiwe likaanza kumung'unyuka. Chokaa huuacha ukuta upumue, lakini fundi wa chokaa ni adimu, na ujira wake si haba. Isitoshe, vijana wanaoa, na vyumba ni vile vile.

Kisha kuna mirathi. Nyumba yetu ina warithi kumi na mmoja, kila mmoja na haki yake, na mnunuzi amekwisha kubisha hodi. Kaka yangu ataka tuuze. Rai yangu ni tuitengeneze sehemu ya mbele kwa chokaa, na nyuma tuongeze orofa mbili tu, zipangishwe, kodi igawanywe kwa mafungu ya sheria.

Nilipomweleza jirani yetu wa upande wa pili, mjane mtu mzima, hakuuliza habari ya nakshi wala ya kodi. Aliuliza madirisha ya orofa hizo yataelekea wapi, kwani nyuma yetu ndiko uwani kwake. Nimemwahidi kulitanguliza swali hilo kikaoni, Ijumaa hii baada ya swala.