Nyuma ya Shuka

Mwezi mmoja kabla ya arusi ya dada yangu, mama alinituma Muyinga nikachukue shuka. Nilipanda Probox hapa Gitega, tukapita Karuzi tumebanana abiria saba, na mchana nikawa nyumbani kwa Bibi. Foronya mbili zilikuwa tayari, zimepigwa pasi. Shuka lilikuwa na maua manne tu yaliyokamilika. Ua la tano lilikuwa bado mchoro wa kaboni ya buluu.

"Hilo utalimaliza wewe, mjukuu wangu," Bibi akasema. "Mimi silioni tena tundu la sindano."

Mtaani kwao Bibi anajulikana kwa kudarizi. Hutumia amerikani nyeupe, huibana kati ya pete mbili za mbao, kisha huanza na shina kwa mshono wa mnyororo. Majani hufuata. Petali huja mwisho, nazo huzijaza kwa kulaza uzi kando ya uzi mpaka nguo isionekane chini yake. Alifundishwa na masista alipokuwa msichana, kwa mifano iliyotoka Ulaya, na ndiyo maana maua yake hayafanani na ua lolote ninalolijua Muyinga. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza hili ni ua gani. Akajibu, "Ni ua la shuka."

Chuoni nilisoma kwamba wakati wa Wabelgiji, kuanzia 1946, palikuwa na Foyer Social huko Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Wake wa watu wa mjini walifundishwa pale kushona na kutunza nyumba. Nilikasirika. Niliona kwamba mwanamke alipewa sindano ili asidai kalamu. Nilipomweleza Bibi hayo, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama najua karo ya mama yangu ya sekondari ilitoka wapi. Ilitoka kwenye foronya. Sikuwa na jibu, ingawa hasira yangu bado ninayo.

Hapa Gitega tuna Jumba la Makumbusho la Taifa, lililoanzishwa 1955. Tulipopelekwa huko na mwalimu tulionyeshwa ngoma na vikapu, na mimi nilivipenda. Lakini kila nikikumbuka ziara ile huwaza kwamba hakuna aliyetuambia tutazame pia vitanda vya nyumbani kwetu.

Basi nilirudi na shuka, na mitihani ilikuwa imekaribia. Ua lile nililishona kwa usiku miwili, usiku wa pili kwa tochi ya simu kwa sababu umeme ulikatika. Kwa mbele lilipendeza. Nyuma kulikuwa na mafundo, na nyuzi zilizorukia kutoka petali moja hadi nyingine kwa uvivu wangu wa kukata. Nilijiambia kwamba hakuna mgeni anayegeuza shuka la maharusi.

Bibi alifika siku mbili kabla ya arusi. Hata hakutazama mbele. Aliligeuza shuka magotini, akapitisha vidole kwenye ua la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kisha akasimama kwenye langu.

"Hapa pana mawe," akasema.

Mama, aliyekuwa na mambo mia ya kufanya, alipendekeza tununue shuka jingine sokoni, yale yenye maua ya mashine. Dada akakataa kabisa. Nikaona aibu kuliko kama wangenigombeza.

Usiku tulikaa mkekani, Bibi na mimi. Yeye aliivuta nguo ikaze, mimi nikakata na kufumua uzi mmoja mmoja kwa mkasi mdogo. Nilipoanza upya alinizuia nisifunge fundo: mwisho wa uzi hupitishwa chini ya mishono iliyokwisha kushonwa, ukajificha humo. Kila nilipomaliza petali aliigusa nyuma. Ya kwanza niliifumua mara mbili.

Jogoo aliwika tukiwa na petali tatu kati ya tano. Dada aliolewa, akaenda na shuka lake hivyo hivyo, upande ule umekunjwa ndani. Bibi ameniambia kwamba kaboni hutoka kwenye maji, na mchoro ukishatoka hatuna mwingine. Jumamosi nakwenda kwa dada na sindano. Nimeshampigia simu asilifue.