Mpisheni Aliye Nyuma

Gravesend, Kent

Wanangu na wajukuu zangu,



Jumamosi iliyopita asubuhi nilitoka nje, nikapima hatua zangu mpaka mita 20, nikageuka kusoma namba ya gari la jirani. Sheria ya Uingereza inamtaka dereva aisome kwa umbali huo. Herufi mbili za mwisho sikuziona. Nikayafumba macho, nikayapumzisha, nikajaribu tena, hazikusomeka. Hapakuwa na daktari wala polisi, na huenda miwani mipya ikaniwezesha kuendesha hadi msikitini na sokoni. Lakini kwenye uwanja wa mbio wa Brands Hatch sitarudi tena nikiwa nyuma ya usukani. Nimekwisha kumwarifu mwenyekiti wa klabu yetu. Tulikaa kimya kwenye simu muda mrefu, mimi na yeye.

Kwa hiyo ile Mazda MX-5 nyekundu ni yenu sasa, nyinyi wanne, kwa pamoja. Isiuzwe mkagawana pesa. Wa kuwafundisha gari mtawapata wengi, na wengine wanajua kuliko mimi. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo nahofia hamtaambiwa na mtu.

Jamaa zetu wa Mombasa wakisikia nimekwenda uwanja wa mbio huuliza, "Umekuwa wa ngapi?" Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikulia Kibokoni nikiyajua magari ya mbio kwa njia ya redio ya dukani, na Pasaka ya mwaka 1965, nikiwa na miaka 13, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka Joginder Singh na ndugu yake waliposhinda mbio za magari za Safari kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Fundi, mtoto wa fundi, mzaliwa wa Kericho! Ndiyo siku nilipoamua kushika spana. Baadaye nilijifunza jambo kumhusu ambalo nalistahi kuliko ushindi wake wote mara tatu: alishiriki Safari mara 22, akafika mwisho mara 19. Gari lake lilirudi.

Siku ya uwanjani si mashindano. Klabu inakodi uwanja, wanachama wanakuja na magari yao wenyewe, mengi yakiwa ndiyo hayo hayo ya kwendea kazini. Pale utamkuta muuguzi, fundi bomba, mwalimu aliyestaafu, kijana aliyedunduliza miaka mitatu anunue gari kuukuu la viti viwili. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Hata kupima muda wa mzunguko kumekatazwa, kwa sababu saa ikishaingia mkononi, watu hawaendeshi tena, wanapigana. Atakayewashawishi mfiche saa ndani ya gari, msimsikilize, hata akiwa rafiki yangu.

Asubuhi yake mimi huipenda kuliko mchana. Mnafika ukungu haujaondoka. Mnatoa kila kitu ndani ya gari na kwenye buti, tairi la akiba, jeki, chupa ya maji, hata sarafu iliyoanguka chini ya kiti, maana kitu kinachobingirika huweza kuingia chini ya pedali. Mnafunga ndoano ya kuvutia gari. Kisha foleni ya kupimwa kelele: injini inapandishwa hadi robo tatu ya mizunguko yake ya juu kabisa, na kipimo kinashikwa nusu mita kutoka bomba la moshi. Walio jirani na uwanja wana haki ya kulala, na viwanja vingi vya nchi hii vimebanwa kwa ajili ya makelele. Gari likizidi kiwango, mwenyewe anarudi nyumbani kabla hajazunguka hata mara moja. Msije mkabadilisha ekzosi ya Mazda kwa ajili ya mbwembwe.

Halafu mnaingia chumbani kusikiliza maelezo. Msikilizeni yule msemaji kama kwamba hamjapata kumsikia, hata ikiwa ni mara yenu ya 30. Bendera ya njano, hatari mbele, usimpite mtu. Nyekundu, punguza mwendo, rudi piti. Nyeusi ukioneshwa wewe, unaitwa uje ujieleze. Ya miraba, kipindi kimekwisha. Na kuna ya bluu, ambayo vijana wengi huichukulia kama tusi. Maana yake ni kwamba nyuma yako yupo mwenye kasi kuliko wewe, tazama kioo.

Hapo ndipo penye wosia wangu.

Siku ya uwanjani hakuna kumpita mtu kwa nguvu. Aliye mbele ndiye anayetoa ruhusa. Anawasha indiketa au ananyoosha mkono kuonesha upande, anaondoa mguu kwenye mafuta, na aliye nyuma anapita kwenye sehemu iliyonyooka, upande uliotajwa asubuhi. Kwenye kona hapana. Kwa hiyo usalama wa watu wote pale unategemea mtu mmoja mmoja kukubali kwamba yupo anayekwenda mbio kuliko yeye, na kukubali mapema. Sijaona mchezo mwingine unaomtaka mtu hivyo.

Mwaka 1998 mimi nilikataa. Nilikuwa na miaka 46, fundi wa mabasi ya London, najiona nayajua magari yote. Nyuma yangu alikuja mama mmoja mwenye Lotus ndogo, mwalimu wa hesabu. Nilimwona kwenye kioo mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bendera ya bluu nikaiona pia. Nikasema moyoni hanipiti huyu. Ili asinipite, kila nikifika mwisho wa mnyooko nikawa nachelewa kukanyaga breki, kila mzunguko nachelewa zaidi. Ilikuwa Julai, joto kali, na mafuta ya breki nilikuwa sijayabadilisha miaka minne, mimi niliyekuwa nikiyabadilisha ya mabasi kwa ratiba.

Nataka mwelewe kilichotokea, kwa sababu hakikuwa bahati mbaya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubaliwa kinashuka hadi 155. Na kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne. Joto lile likafika kwenye mafuta, yakachemka, yakafanya mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Nikakanyaga, pedali ikazama mpaka sakafuni.

Mnaijua kona ya Paddock Hill. Unaifikia kwa kasi, inakata kulia, na papo hapo ardhi inaporomoka chini yako. Mpaka umeingia ndipo unapoona unakokwenda. Nilipiga pedali mara mbili tatu, nikapata breki kidogo, nikaenda moja kwa moja kwenye kokoto. Kokoto zikanimeza hadi kwenye ekseli. Oktoba 1971, miezi michache baada ya mimi kufika nchi hii, watu walikuwa wakizungumza kwa huzuni juu ya dereva wa mbio Jo Siffert wa Uswisi, aliyefia katika uwanja huo baada ya kushinda hapo hapo Grand Prix ya Uingereza mwaka 1968. Nilimkumbuka nikiwa nimekaa kwenye kokoto, mikono inatetemeka, na wale watu wote wamesimamishwa kwa bendera nyekundu kwa sababu yangu.

Gari lilipovutwa hadi kwenye uga, aliyekuja wa kwanza ni yule mwalimu. Hakunisema. Alikuja na chupa ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa na mrija wa plastiki, akavua koti, akaniambia nikae ndani nikanyage pedali yeye atoe hewa. Tukafanya magurudumu yote manne. Tulipomaliza alisema maneno machache tu: alikuwa akiniona kwenye kioo changu, na alijua namwona. Tangu siku hiyo tukawa marafiki hadi alipofariki. Niliyoyajua juu ya kuendesha gari, mengi aliyanifundisha yeye.

Ndiye aliyenifanya niielewe mashua ya baba yangu. Nilipomweleza jinsi baba alivyokuwa akituamuru tuhame upande upepo ukigeuka, alicheka kwa furaha akasema gari ni vivyo hivyo. Ukikanyaga breki, uzito hukimbilia omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, likawa jepesi. Ukikanyaga mafuta, uzito hurudi tezi. Mtu akiingia Paddock Hill na kasi nyingi, kisha akaogopa katikati na kuondoa mguu ghafla, tezi linanyanyuka, matairi ya nyuma yanaachia, gari linazunguka. Breki ziishie kabla ya kona, mkiwa mmenyooka. Ndani ya kona, mguu utulie. Mazda ile haifiki tani moja, injini yake ya mbele inasukuma magurudumu ya nyuma, na Wajapani walioiunda, ilipotoka mwaka 1989, walisema wanataka dereva na gari wawe kama farasi na mpandaji wake, kiwiliwili kimoja. Itawaambia kila kitu kupitia kiti na usukani. Haitawasamehe mkiishitua.

Kutoka Paddock Hill mnapanda kilima kwenda kona ya Druids. Kilima kile kina jina la Mike Hailwood, nami ninapokipanda humwazia kila mara. Alikuwa bingwa wa dunia wa pikipiki mara tisa, kisha akahamia magari. Mwaka 1973 huko Kyalami, Afrika Kusini, aligongana na dereva mwenzake Clay Regazzoni, gari la Regazzoni likawaka moto naye amezimia ndani. Hailwood alirudi kumtoa. Nguo zake zikashika moto, akazimwa, akarudi tena motoni mpaka akamtoa. Alipewa Nishani ya George. Mbio zile alizipoteza, na hakuna anayekumbuka angekuwa wa ngapi.

Mtu huyo huyo, aliyenusurika miaka yote ya mbio, alikufa Machi 1981 barabarani. Alitoka na watoto wake wawili kwenda kununua samaki na chipsi. Lori likageuza njiani mahali palipokatazwa. Alikufa yeye na binti yake. Wanangu, uwanjani wote mnakwenda upande mmoja, hakuna mtembea kwa miguu, hakuna lori, gari la wagonjwa liko tayari. Barabarani hamna hata kimoja katika hivyo. Nimewaona vijana wanaotoka Brands Hatch jioni, damu ingali moto, wakaifanya barabara ya kwenda nyumbani kuwa kipindi cha mwisho. Kila mmoja wao nilimfuata nikamwambia, na wawili walinitukana. Mkitoka pale, kaeni kwenye uga nusu saa. Kunyweni chai. Breki zipoe, nanyi mpoe. Na gari likiwa bado la moto msivute hendibreki. Litieni gia, wekeni kigingi kwenye gurudumu.

Nina neno moja zaidi, na nitalisema wazi. Katika nyinyi wanne, mwenye mkono mwepesi ni binti wa dada yangu. Nimekaa naye kiti cha pembeni. Anaiona kona kabla haijafika, na mguu wake wa breki hauna papara. Atawapita. Kaka zake, msione haya, wala msimfanyie nilivyomfanyia yule mwalimu. Nyoosheni mkono mapema, ondoeni mguu, mwacheni aende zake. Nawe binti yangu, siku itakuja utamwona kwenye kioo mtoto ambaye leo hajazaliwa. Ukimwona, nawe nyoosha mkono.

Ada ya klabu nimelipa hadi Desemba. Bima ya kawaida ya gari mara nyingi haifuniki siku za uwanjani, kwa hiyo someni mkataba, na mkiona haifuniki, tafuteni ya siku moja. Helmeti yangu msiivae. Ni ya zamani, mnunue mpya. Funguo ziko kwenye kikombe cha shaba juu ya kabati, na karibu nacho nimeweka chupa mbili za DOT 4 zenye lakiri. Mafuta yaliyomo ndani ya gari yana miezi 14. Yabadilisheni kabla ya kwenda.