Kufomati si Kufuta

Wadau, leo tuongee kuhusu amri moja fupi ambayo wengi huiamini kupita kiasi. Ukifungua lile dirisha jeusi la Windows ukaandika:

format E: /fs:ntfs /q

sekunde chache baadaye diski itaonekana tupu. Je, ni tupu kweli? La hasha! Hiyo /q ni ya haraka, na haraka haraka haina baraka. Kompyuta huandika orodha mpya ya faili isiyo na kitu, lakini faili zenyewe huziacha zimelala pale pale zilipokuwa. Ni kama kurarua ukurasa wa yaliyomo halafu ukadai umekichoma kitabu chote.

Shangazi yangu alikuwa na saiba mjini Thika kwa miaka mingi. Alipoamua kuifunga, akapata mnunuzi wa kompyuta zake sita. Fundi mmoja alikuwa amezifomati zote kwa muda wa nusu saa. Shangazi alinipigia simu kuniuliza bei tu, nami nikamwomba asiziuze kabla sijafika.

Niliwasha mashine moja kwa flashi yenye Linux, nikaendesha PhotoRec, programu huria ya Christophe Grenier. Programu hii haijali orodha. Inapitia diski kipande kwa kipande ikitafuta alama ambazo faili huanza nazo. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Haukupita muda mrefu, vitu vikaanza kurudi: vitambulisho vilivyopigwa skani, barua za vijana wanaotafuta kazi, vyeti vya kuzaliwa, hata majibu ya hospitali ya mama mmoja anayesali naye kanisani.

"Watu hawa waliniamini, mwanangu," alisema.

Alimpigia mnunuzi akamwambia aje kesho yake. Mnunuzi hakufurahi, akasema huenda akanunua kwingine. Shangazi alizihitaji pesa zile kumalizia kodi ya chumba cha saiba, lakini hakubadili neno.

Basi dawa ni nini? Ni kuandika sufuri kila mahali. Tangu Windows Vista, amri ya format bila /q huandika sufuri kwenye sehemu nzima unayoifomati. Katika Windows XP ilikuwa ikikagua tu mahali palipoharibika. Lakini Windows haitakubali kufomati sehemu ya diski ambayo yenyewe inaitumia, kwa hivyo tulibaki ndani ya Linux:

lsblk
sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sda bs=1M

Amri ya kwanza huonyesha diski zote na ukubwa wake. Isome mara mbili, kwa maana sda inaweza kuwa flashi yako mwenyewe, na hiyo amri ya pili haikuulizi kama una hakika. Diski ya GB 320, ikiandikwa kwa kasi ya MB 80 kila sekunde, huchukua kama dakika 67. Sisi tulikuwa na flashi moja na mashine sita. Tulikunywa chai nyingi usiku ule.

Angalizo: mambo hayo ni ya diski za kawaida zinazozunguka. Flashi na SSD huhamisha data ndani kwa ndani, kwa hivyo sufuri zinaweza zisifike kila mahali. Hizo ni afadhali uzifunge kwa usimbaji tangu siku ya kwanza.

Wenye saiba, zahanati na ofisi ndogo wakumbuke pia kwamba Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kwamba taarifa za wateja hazigeuki kuwa mali yako kwa sababu zimekaa kwenye diski yako. Kwa hivyo kabla hujakabidhi kompyuta kwa mtu, muulize fundi wako swali moja tu: ulitumia /q?