Mtoto wa dawati la nyuma (Sehemu ya 6)

Tumefika sehemu ya sita. Huko nyuma tumeongea sana kuhusu wachanga, maziwa ya mama na mtoto kuanza kula. Wiki hizi mbili inboksi yangu imejaa swali lile lile limevaa nguo tofauti tofauti. Mwanangu yuko la tatu na hajui kitu, nimpeleke tuisheni? Nimhamishe shule? Mmoja kaniuliza kama kuna dawa ya kuongeza akili. Mwingine anaamini wifi yake kamfunga mtoto. Hilo la wifi mimi siliwezi. Hayo mengine nina la kusema, ila kwanza twendeni wote darasani.

Mwaka jana mwezi wa pili timu ya kugawa dawa za minyoo na kichocho ilikuwa pungufu, tukaombwa manesi wawili wa hospitali tuongeze nguvu. Nikaangukia shule moja ya msingi kijijini, humu humu mkoani Singida. Jina lake naliacha. Wengi mnaijua siku ya dawa ilivyo: mtoto anasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu, fimbo ndiyo inasema ameze vidonge vingapi vya prazikwanteli, halafu albendazole kimoja cha kutafuna. Sharti kubwa ni kwamba awe amekula. Zile za kichocho zikikuta tumbo tupu mtoto anapata kizunguzungu na kutapika, na wakitapika watano tu, kabla ya jioni kijiji kizima kimeshaambiwa manesi wanaua watoto. Mwaka unaofuata wazazi wanawaficha.

Sasa siku ile uji haukuwa tayari. Kuni zilikuwa zimenyeshewa usiku, mpishi anapuliza moto mpaka machozi yanamtoka.

Anayeijua Singida anajua mwezi wa pili ulivyo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba, inakwisha Aprili. Mtama, uwele na alizeti tunaviona kuanzia Mei kwenda mbele. Kwa hiyo shule inafunguliwa Januari wakati nyumba nyingi zinakwangua chini ya ghala. Ada ilifutwa, tangu 2016 hatulipi, lakini chakula cha shuleni kinabaki makubaliano ya wazazi wenyewe: debe la mahindi au mtama, maharage kidogo, hela ya mpishi. Kuna waliochanga na wasiochanga, na mwalimu mkuu yuko katikati. Siku ile aliamua wanywe wote. Mama mmoja wa kamati alinuna waziwazi. Mimi yule mama namwelewa, debe lake alilibeba kichwani mwenyewe. Lakini kumnyima uji mtoto wa miaka saba kwa sababu ya debe la baba yake, hapana jamani.

Basi wakati tunasubiri uji, nikaomba nikae darasani. Nikapelekwa la tatu.

Walisimama wote kwa mpigo: "Shikamoo mwaalimuuu!" Mabati yakatetemeka. Niliwahesabu, walikuwa 87. Dawati la watatu wamekaa wanne, na wasiopata dawati wako mbele wamekaa chini sakafuni. Wafupi mbele, warefu nyuma, kama watu wanaopiga picha. Wembe wa kuchongea penseli ulikuwa mmoja kwa safu nzima, unatembea mkono kwa mkono, nikawa nauangalia huo wembe kuliko ubao (unesi haukai likizo). Ndugu wawili walikuwa na penseli moja wameikata katikati. Binti mmoja alikuwa amelala fofofo juu ya daftari. Mwalimu akanong'ona nimwache: anatoka mbali, anaamka giza, akifika ana namba yake ya kufagia, kisha mchakamchaka, kisha mstari wa ukaguzi wa kucha. Saa nne mwili umeshamaliza siku, na tumboni hamna kitu.

Kipindi kilikuwa Hisabati. Kwanza mwalimu akatoa hesabu za kichwa. "Mama ana trei mbili za mayai. Saba yamevunjika. Yamebaki mangapi?" Watoto wa Singida kwenye mambo ya kuku na mayai usiwachezee. Hata hivyo, kabla wengine hawajakunja vidole, sauti ikatoka dawati la nyuma kabisa: hamsini na tatu. Swali la pili, yeye tena. La tatu, yeye. Kijana mrefu, sweta limechanika kiwiko. Nikasema moyoni, huyu ndiye wa kwanza darasani.

Mwalimu akaandika hesabu kumi ubaoni. Hapo yule kijana akawa mtu mwingine. Alikunja uso, akafinya macho, akajaribu kusimama, akaambiwa akae. Mwisho akaegemea bega la jirani yake na kuanza kunakili kutoka daftari la mwenzake. Jirani akiziba kwa mkono, naye anasimama kuandika. Nikasogea nyuma nione. Ubaoni kulikuwa na 46 jumlisha 27. Jirani anaandika nne yake kama tisa, mwandiko wa haraka. Kijana wangu kaandika 96 jumlisha 27, na jibu kaweka 123.

Someni tena hapo. 96 na 27 ni 123. Alipatia! Alikosa swali tu. Mwalimu alipopita akaweka alama ya X, na kwa haki kabisa, maana ubaoni jibu ni 73. Daftari zima lilikuwa hivyo, X kuanzia Januari.

Nilimuuliza mwalimu kuhusu yule mtoto. "Huyo ni mdomo tu, nesi. Kwenye daftari ni sifuri. Tumeshaongea na bibi yake, anarudi la pili." Naomba msimhukumu yule dada. Ana watoto 87, anasahihisha madaftari kwenye magoti, na la kwanza na la pili huyu mtoto alipita vizuri. Na atapitaje vibaya? Huko chini kusoma kwingi ni kuitikia kwa pamoja, ba be bi bo bu, mwenye kumbukumbu nzuri anaelea. La tatu ndipo ubao unapoanza kazi kwelikweli, na la nne kuna upimaji wa kitaifa. Ndiyo maana wengi wenye shida ya macho wanaanza kuitwa wazito wakifika la tatu.

Uji ukaiva, wakanywa, tukagawa dawa, hakuna aliyetapika isipokuwa mmoja aliyecheza rede dakika hiyo hiyo. Tulipomaliza nikamwita kijana wangu. Sikuwa na kadi ya kupimia, nikachukua ubavu wa boksi la dawa na kuchora herufi E kwa maka, kubwa ya karibu sentimita 9 kwenda juu, nyingine zinapungua. Rula ya ubaoni ya mita moja tukailaza chini mara sita. Kiranja akashika boksi, mtoto akaziba jicho moja, kazi yake kuonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi.

Aliona ile kubwa tu, jicho la kulia na la kushoto. Ile herufi jicho zima linaiona ukiwa mita 60. Yeye alihitaji asimame mita 6.

Halafu nikafanya kitu kidogo tulichofundishwa. Nikatoboa karatasi ngumu kwa pini, kitundu kimoja, nikamwambia achungulie hapo. Akasoma mstari wa pili. Akasoma wa tatu. Kitundu kinapunguza mwanga uliotawanyika, kwa hiyo mtoto akiona vizuri zaidi kupitia kitundu, mara nyingi shida yake ni ya miwani, siyo ugonjwa ndani ya jicho. Yeye hakujua hayo. Akaigeuza karatasi akaiangalia nyuma, akaniuliza, "Dokta, hii umeipaka dawa?"

Bibi yake akaitwa. Alikuja amejifunga khanga kiunoni, uso umeshakubali aibu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Amefanya nini tena?"

Hiyo "tena" iliniuma. Nikamweleza. Akakataa: mbuzi anachunga yeye, hajapoteza hata mmoja, kipofu atachunga mbuzi? Tukamuuliza mtoto anawajuaje wakiwa mbali. Akasema anasikia kengele, na yule mwekundu wenzake wanamfuata. Bibi akakaa chini kwenye jiwe, akawa kimya muda. Kisha akauliza swali ambalo na ninyi mnaniuliza: miwani si ya wazee? Akizoea si macho ndiyo yataoza kabisa?

Hapana. Miwani iliyopimwa haiharibu jicho na haimfanyi mtoto kuwa mvivu wa kuona. Macho ya aina hii (anaona karibu, mbali ni ukungu) hujitokeza sana umri wa shule na namba huweza kupanda mtoto anavyorefuka, avae au asivae. Anayeona miwani imemwongezea tatizo, mara nyingi ni kwamba sasa anajua kuona vizuri kukoje, akiivua anaona tofauti.

Tiba ya kwanza haikugharimu kitu. Mwalimu alimtoa nyuma siku hiyo hiyo. Kwa kuwa ni mrefu na anawaziba wenzake, akakalishwa ukutani pembeni, hatua mbili kutoka ubaoni. Ya pili iligharimu. Huduma ya bure kwenye hospitali za serikali ni ya walio chini ya miaka mitano, wa la tatu ameshatoka hapo. Kuna nauli ya kwenda mjini, kuonwa, kupimwa, na miwani yenyewe. Bibi aliuza kuku, walimu wakachangiana kilichobaki. Ilichukua mpaka Aprili. Kuhusu kurudishwa la pili, mwalimu mkuu alisema tusubiri matokeo ya mwisho wa muhula.

Nilipopita tena mwezi wa sita alikuwa amevaa, mkono mmoja wa miwani umefungwa uzi kwa sababu ya mpira. Wenzake walimwita profesa, siku za mwanzo akawa anaificha kwenye soksi. Nikamuuliza ameona nini kipya. Akafikiri. "Kumbe ubao wetu umepasuka." Mtihani alikuwa wa 41 kati ya 87. Msitegemee sinema, miezi mingi ya masomo ilimpita na mtu hazirudishi kwa kuvaa vioo. Ila yuko la nne sasa.

Kwa hiyo mama, kabla ya tuisheni, mwangalie mtoto nyumbani. Anafinya macho akitazama mbali? Anaisogelea TV mpaka umfukuze? Daftari liko puani? Anageuza kichwa upande ndipo aone? Analalamika kichwa jioni siku za shule, Jumamosi hakiumi? Kagua daftari lake kama nilivyokagua mimi: kosa liko kwenye jibu, au swali lenyewe limenakiliwa vibaya? Mpime kwa E ya boksi, jicho moja moja, mchana nje kwenye mwanga. Asipoona vizuri mpeleke kituoni, mwambie nesi apate rufaa ya kliniki ya macho. Miwani ya mezani sokoni usimnunulie mtoto, ile haijapimwa kwa ajili yake. Na nawaomba sana, jicho likiwa jekundu au linatoa tongotongo usiweke maziwa ya mama, sukari, wala maji ya majani. Kanda yetu hii ya kati trakoma imetusumbua miaka mingi, na mtoto mwenye inzi usoni anahitaji kunawishwa uso kila siku na kuonwa na mtaalamu, siyo majaribio ya jikoni.

Na asubuhi ale. Sisemi mkate na soseji. Kiporo cha ugali kilichohifadhiwa vizuri ukikipasha moto, viazi vitamu vya jana, uji wa mtama wenye karanga. Hata nusu kikombe kabla ya kutoka. Kuna watoto hawana shida ya macho wala ya akili, ni saa nne tu imewakuta na njaa.

Yule mwalimu wa la tatu alibaki na boksi langu. Wiki mbili zilizofuata alipima darasa zima wakati wa mapumziko, yeye na kiranja wake. Akanipigia simu, amepata wengine wanne. Watatu kweli macho, wameanza safari ya kliniki, mmoja mzazi wake bado anakataa na tunaendelea kumbembeleza. Wa nne, binti, alisoma E zote mpaka ile ndogo ya mwisho, ila mwalimu alipomwambia abadilishe jicho akiwa amempa mgongo, hakugeuka. Akamwita mara tatu. Nilipomwona nikakuta masikio yote mawili yanatoa usaha, na mama yake aliniambia yako hivyo tangu anatambaa.

Huyo ni wa sehemu ya saba, Jumapili ijayo. Wenye watoto wanaotoa usaha masikioni msiweke mafuta ya moto wala kuchokonoa na kiberiti mpaka tuongee, na asiyeweza kusubiri Jumapili aende kituoni kesho.