Kumpokea Mtoto, Kumsikia Mtoto

Huku kwetu Mwazye, Ufipa, mtu akifiwa na binti yake, wajukuu hawangojei kikao cha ukoo ili wajue watalala wapi. Bibi anafungua mlango, basi. Sijaona mtu aliyehitaji kufundishwa jambo hilo, na ndiyo maana nilipoalikwa kwenye semina ya walezi wa watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi, kwenye ukumbi wa kanisa, nilikwenda na swali ambalo sikulitamka mbele za watu: mafunzo ya nini kwa watu ambao tayari wanalea? Swali hilo bado ninalo, ingawa siku hizi linaniuliza mambo mengine.

Imani yenyewe iliingia Ufipa ikiwa imewashika mkono watoto wasio na kwao. Kule Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Mapadre Weupe walianza kazi mwaka 1885, na miongoni mwa Wakristo wao wa kwanza walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani. Hata Adrian Atiman, daktari aliyewatibu watu wa Karema kuanzia mwisho wa miaka ya 1880 hadi uzee wake, akafariki mwaka 1956, alikuwa mtoto aliyetekwa Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta. Namfikiria mara nyingi. Alijua maana ya kupokelewa na wageni kabla hujajua hata lugha yao. Lakini wenzake wengi walilelewa, wakafunzwa dini na kazi za mikono, kisha wakaozeshwa wenyewe kwa wenyewe katika vijiji vya misheni, na najiuliza ni wangapi kati yao waliwahi kukalishwa chini wakaulizwa wanachotaka. Nasema hivi kwa heshima yote. Waliowapokea waliwaokoa. Ila kumwokoa mtoto na kumsikia ni kazi mbili, na sisi wa leo ya kwanza tumeirithi vizuri kuliko ya pili.

Sista aliyetufundisha hakuanza na Maandiko wala sheria. Alitaka kila mmoja achore nyumba yake na aonyeshe kila mtoto analala wapi. Bibi mmoja niliyekaa naye benchi moja hakuzoea kalamu, akaomba maharage. Akayapanga juu ya benchi: haya watoto wa mwanangu, hawa wako huku karibu na jiko, hili mjukuu wa marehemu. Lile la mwisho aliliweka mlangoni. Akalitazama, akalisogeza ndani karibu na mengine, akatulia kidogo, kisha akalirudisha pale pale mlangoni kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli. Anayeijua baridi ya Ufipa mwezi Juni na Julai anajua kulala mlangoni ni nini. Wala bibi yule hakuwa mkatili. Mtoto alikuja wa mwisho, nafasi iliyobaki ilikuwa ile, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena, na mtoto mwenyewe asingethubutu kusema, maana mtoto wa kupokelewa hujifunza mapema kushukuru.

Mchana ndipo mambo yalipokuwa mazito. Sista alitueleza kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Ukumbi ulinyamaza. Sote tunajua yanavyokwenda: binti ameharibiwa na mtu wa karibu, wazee wanakaa, mbuzi anatoka au fedha, watu wanapeana mikono, pengine sala inasaliwa, na binti anarudi kulala kwenye nyumba ile ile. Katekista mmoja wa siku nyingi akasimama, akauliza taratibu, “Sista, tukiripoti, msamaha tunauweka wapi?”

Sista hakufanya haraka. “Msamaha ni wa aliyeumizwa, mzee wangu. Sisi wengine hatuna haki ya kuutoa kwa niaba yake.”

Jibu hilo naliamini, na bado linanihangaisha. Katika jumuiya tumelelewa kupatana kabla jua halijazama, na nimeshuhudia upatanisho ukiponya ukoo uliokuwa unasambaratika. Halafu nafikiria bibi anayemripoti mwanawe mwenyewe, ndiye anayelima na kuleta unga nyumbani. Nauli ya kufika Matai, makao makuu ya wilaya. Na majirani atakaoishi nao atakaporudi. Sheria inamwambia aende, imani nayo, nikiisikiliza vizuri, inamwambia vivyo hivyo. Ila tukimwacha aende peke yake, sioni kama tumetii hata moja kati ya hizo mbili.

Najua hatuko peke yetu. Uganda, mashirika ya watawa yalianzisha mwaka 2016 mpango wa Catholic Care for Children, masista wenye makao ya yatima wakaingia darasani kusomea ustawi wa jamii na kuanza kuwarudisha watoto kwenye familia. Watu walioyatoa maisha yao yote kwa watoto walikubali kwamba bado wana la kujifunza. Hilo limenifariji kuliko hotuba nyingi.

Sisi wa Mwazye tunajivunia kwamba Kardinali Polycarp Pengo alizaliwa hapa mwaka 1944, na ni haki yetu. Mtoto aliyefika mbali anakumbukwa na kijiji kizima. Na binti aliyeumizwa, akaachishwa shule ili yaishe kifamilia, huyo anakumbukwa na nani?

Kwa hiyo nawaomba maparoko, akina mama Wakatoliki wa WAWATA na viongozi wa jumuiya: semina hizi ziwekwe baada ya mavuno, mabibi waweze kuja, na zifanyike kwa maneno wanayoyaelewa. Mlezi anayekwenda kuripoti asindikizwe na watu wawili au watatu wa jumuiya yake, na nyumba yake isikose unga wakati shauri linaendelea. Na namba 116, ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, inayopigwa bure, itangazwe kila Jumapili pamoja na matangazo ya ndoa.